Mistari Pacha Uliyoifuta kwa Neno Langu

Mwalimu Kasiano,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia, hata huko uliko. Ungeniuliza, "Leokadia, umelelewa wapi?" Basi shikamoo, Mwalimu wangu.

Nakuandikia nikiwa dukani. Ni mchana, mvua inapiga bati tangu saa nne, umeme umekatika na mashine ya fotokopi imenyamaza. Hakuna mwenye akili timamu atakayevuka tope la stendi leo kuja kutoa kopi ya cheti. Mbele yangu kuna daftari lako la bluu, na moyoni kuna jambo nililolibeba tangu mwezi wa nane. Nilikukosea. Ukimwonyesha mtu kosa lenyewe atacheka: vimistari viwili vifupi, kimoja juu ya kingine, vilivyotakiwa kubaki mahali pake, na kwa sababu yangu havikubaki. Wewe usingecheka. Na wewe ndiye pekee, mjini hapa na kijijini kwako Mpui, ambaye ningemweleza jambo hili akanielewa mara ya kwanza. Sasa nimweleze nani? Ndiyo maana nakuandikia wewe mwenyewe.

Nianze na habari za huku, maana ulikuwa hupendi mtu aingie kwenye shida zake moja kwa moja kama mgambo. Mpui mvua zimewahi, mahindi yamefika magotini. Dada yako, Shangazi Paskazia, anasumbuliwa na miguu lakini shamba la ulezi hakuliacha. Wale bibi zako wa kanisani bado wanaimba Kilatini chao kwa kichwa, na bado wanakosea pale pale penye kosa lao, kwa sauti ya kujiamini, mpaka padri kijana anafikiri yeye ndiye aliyefundishwa vibaya. Na chuo cha Dar es Salaam kimekubali kuchapa kazi yako. Ndiyo, Mwalimu, wamekubali. Wanasubiri niwatumie yote mwisho wa mwezi huu. Habari hiyo ilikuwa ya kukuletea mkononi, kwa bodaboda mpaka Mpui, nikipiga kelele tangu barabarani. Ilipofika nilifunga simu nikaendelea kukata karatasi. Sikuwa na wa kumpigia.

Halafu kuna hili. Ulipoondoka watu wote walisema "Mwalimu amefariki." Amefariki, amefariki, kwenye simu, kanisani, sokoni. Wewe ulinifundisha kwamba hiyo "me" ni jambo lililokwisha lakini moshi wake bado unafuka, na "li" ni jambo lililokwisha likafungiwa mlango. Basi mwezi wa kumi nilikuwa sokoni nachagua migebuka mikavu, mama muuzaji akaniambia, "Yule mzee wako wa madaftari, si alifariki?" Alifariki! Hakuwa na kosa, alisema tu, mkono wake ukiwa kwenye samaki. Mimi nilisimama pale kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Kwenye msiba wako sikulia sana, nilikuwa napika na kupakua. Siku ya ile "li" nililia njia nzima, na samaki nikawaacha mezani kwa watu.

Nani mwingine angelia kwa ajili ya silabi? Umeniachia ugonjwa ambao sina mgonjwa mwenzangu. Natembea mjini nakata maneno ya watu: mabango ya maduka, maandishi ya nyuma ya malori yanayotoka mpakani Kasesya, majina ya saluni. Juzi nilikuwa napaka rangi upya neno "Karibuni" mlangoni kwangu, nikakwama kwenye ile "ni" ya mwisho. Je, ni kiungo cha neno, au ni "ninyi" aliyechoka akaegemea? Niliweka brashi chini nikageuka nikuulize. Nimegeuka kabisa, mwili mzima, mdomo nimeshafungua. Aliyekuwepo ni Bwana Nassoro, jirani yangu wa duka la vitambaa, akaniuliza kama nimemwita. Nikamwambia hapana, naongea na mlango.

Unakumbuka siku uliyoingia hapa mara ya kwanza? Kofia ya sufu, koti refu, madaftari kwenye mfuko wa sandarusi. Ulisema unataka kazi ichapwe: sala na nyimbo za Kilatini za bibi za Mpui, kila neno limekatwa vipande, chini ya kila kipande maana yake kwa Kiswahili, na chini kabisa sentensi nzima kama mtu anavyosema. "Wanaimba miaka yote," ulisema, "na wajukuu wao wanadhani ni manuizo ya mganga. Nataka wajue bibi zao wanasema nini." Mimi nilisikia nusu. Nikachapa kurasa kumi na moja, na kwa kuwa mimi ni mchapaji hodari, nikasafisha. Nilidhani vile vistari ulivyoweka kati ya vipande ni maneno yaliyokatwa kwa sababu mstari wa daftari umeisha, kama tulivyokuwa tunafanya shuleni, basi nikaviondoa vyote, nikaunganisha maneno vizuri. Na nikajiona! Ulisoma ukurasa wa kwanza, ukasoma wa pili, ukavua miwani.

"Leokadia," ulisema, "nimekaa mwaka mzima napasua, wewe umeshona kwa siku moja."

Nikadhani sasa natukanwa. Ukacheka mpaka ukakohoa, na wateja nao wakacheka bila kujua wanacheka nini.

Ndipo ukavuta stuli ukaanza kunifundisha, na hukuacha tena. "Tuanze na kwetu," ulisema. Ukaandika "waliimba" ukaikata: wa-li-imb-a. Wa, wao. Li, zamani. Imb, kazi yenyewe. A, kufuli la mlango. Kisha ukaandika la Kilatini, cantabant, "walikuwa wanaimba", ukalikata canta-ba-nt, ukanionyesha kwamba Walatini wao wanamweka mwenye kazi mkiani wakati sisi tunamweka kichwani. "Kwa hiyo Mlatini akisema jambo," ulisema, "usimkatize. Mngoje amalize, ndipo utajua nani kafanya." Nilikuwa na miaka thelathini na nane, Mwalimu. Nachapa maneno ya watu tangu nimalize shule, barua za maombi ya kazi, wosia, kadi za harusi, na sikuwahi kuliona neno kwa ndani. Siku hiyo nilirudi nyumbani naongea peke yangu, "ni-na-rud-i, ni-na-rud-i."

Halafu ukanionyesha alama ya pili, hiyo inayonichoma leo. Mistari miwili, kama ile ya hesabu, ya "sawa na". Wewe uliiita pacha. Kistari ulirithi kwa padri mzee aliyekufundisha Kilatini seminarini kabla hujatoka, lakini pacha uliibuni mwenyewe, ukiwa kwenye baraza la nyumba yako na penseli. Ulisema kistari ni cha kiungo, na kiungo hakiishi nje ya mwili. Mkono ukikatwa hauendi sokoni peke yake. Pacha ni ya mgeni: neno kamili, lina kwao, ila limechoka limeegemea jirani. Katika "babako" ile ko ni "wako" aliyekatwa miguu, kwa hiyo baba=ko. "Usimwite mgeni kiungo cha mwili," ulisema. "Ni kumdharau." Nilikubishia wiki mbili. Wewe ulikuwa unafurahia kubishiwa, unakuja na gari la asubuhi kutoka Mpui makusudi tubishane, unakunywa chai yako ya rangi yenye tangawizi, unaondoka saa nane ukiwa mshindi.

Sasa nifike pale.

Mwezi wa sita nilituma kurasa chache chuoni kwa barua pepe, waone kama kazi inafaa. Jibu lilikuja siku ambayo shule tatu zilikuwa zinachapisha mitihani ya majaribio kwangu. Walimu wamejaa dukani, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Jibu lilikuwa la Kiingereza, na Kiingereza changu unakijua, kinachechemea. Nililisoma kwenye simu huku mkono mmoja unapanga karatasi. Niliona kistari, nikaona alama ya sawa na, nikaona katazo. Nikaelewa kwamba alama ya sawa na haitakiwi kutumika mahali pa kistari. Basi, nikafunga simu.

Na wewe ukaingia saa ile ile. Upepo ulikuwa ule wa mwezi wa sita, macho yanakutoka machozi, mikono umeificha kwenye makwapa. Ukasimama kwenye foleni kama mteja. Ilipofika zamu yako ukauliza taratibu kama Dar wamejibu. Na mimi, mimi na mdomo wangu huu, nikasema mbele ya watu wote: "Mwalimu, wenye kazi yao wamekataa. Hizo pacha zako ni za kijijini. Weka kistari kila mahali, basi, tumalize."

Za kijijini. Nilisema hivyo. Kuna mwalimu mmoja kijana alicheka.

Wewe hukubisha. Hilo ndilo lilipaswa kunishtua, kwamba hukubisha. Ulisema, "Haya, Leokadia. Kama wasomi wamesema." Ukaomba raba moja. Nikakupa raba, Mwalimu. Nilikuchagulia ile nyeupe nzuri, isiyochafua karatasi. Chai hukunywa. Nilikuona unavuka barabara umeshika kofia isipeperushwe, nikajisemea, mzee kanuna, atarudi wiki ijayo.

Wiki ijayo hukurudi. Wala iliyofuata. Nikasema akija nitamnunulia vitumbua. Mwezi wa saba ulipofika katikati, Shangazi alinipigia asubuhi wakati nafungua duka. Alisema ni kifua, kilikubana siku nne. Alisema "amefariki" na mimi nikasema "nani?" ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

Nilirudi Mpui mwezi wa nane, msiba umeshatulia. Shangazi alinipikia ugali wa ulezi na maharage, akanitandikia mkeka, kisha akaingia chumbani akatoka na daftari hili amelifunga kwenye kitenge. Akaniambia kwa fahari, yaani kwa fahari kabisa, kwamba ulifanya kazi mpaka mwisho. Ulikuwa unakaa barazani kila siku, blanketi mabegani, upepo unapiga, unafuta na kuandika, unafuta na kuandika. Akikwambia ingia ndani jikoni uote moto, unasema ndani hakuna mwanga wa kutosha. Akikuuliza unafuta nini, unasema maneno mawili tu: "Leokadia amesema."

Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Shangazi akasema, "Sasa wewe lipeleke hivyo hivyo. Maandishi ya marehemu hayaguswi." Nikasema ndiyo, Shangazi.

Niliporudi mjini nikalitafuta lile jibu la chuo kwenye simu. Nikakaa nalo na kamusi, neno kwa neno, kama ulivyonifundisha, kipande kwa kipande. Halikusema nilichosema. Lilisema kistari kisitumike mahali pa alama ya sawa na. Kinyume chake! Mwalimu, walikuwa wanakusifu. Waliandika kwamba maneno yanayoegemea mengine hutengwa kwa alama hiyo hiyo duniani kote, kwamba wengi wanaoanza huchanganya, na kwamba mwandishi huyu hakuchanganya hata mara moja. Walichoomba ni kitu kimoja tu: nukta, pale ambapo kipande kimoja kimebeba maana mbili. Nukta! Ungeziweka kwa siku moja ukiwa unapiga mluzi. Pacha yako uliyoibuni barazani Mpui ndiyo wanayotumia wasomi wote, na hukuwahi kujua. Ulikufa ukidhani ni ya kijijini.

Na uliikalia kwenye baridi ile ukiifuta, kwa neno langu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi sina hata mtoto, lakini mjukuu huyu kanijia, kakaa, na anakula vizuri. Miezi mitano nimezunguka na daftari hili. Nilijiambia nitume kama lilivyo. Ni mwandiko wako, ni mkono wako, dada yako mwenyewe ndivyo anavyotaka. Chuoni wangeona vistari kila mahali wakasema mzee alijichanganya uzeeni, basi. Hakuna ambaye angejua. Jina langu lingebaki safi, na Jumapili ningeendelea kwenda kula kwa Shangazi. Nikuambie ukweli, ndicho nilichoogopa zaidi. Siyo chuo. Tangu mama yangu afariki, nyumba yenu ndiyo nyumba pekee ambayo nikibisha hodi mtu anaitikia kwa jina langu kabla hajaniona. Nikimwambia Shangazi kwamba alichokuwa anakifuta kaka yake kwenye upepo kilikuwa sahihi, na kwamba aliyemtuma ni mimi, nitakula wapi tena?

Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Bwana Nassoro, wiki iliyopita. Sikupanga. Alinikuta nimeinamia daftari, akauliza kuna nini, nikamwaga yote. Nilidhani atanishangaa. Akaniambia huko madrasa walikosoma, kialama kidogo juu ya herufi kikikosewa maana inageuka, na mwalimu wao alikuwa hacheki. Kisha akasema, "Dada Leokadia, kosa la kalamu hurekebishwa kwa kalamu. Kosa la mdomo hurekebishwa kwa mdomo." Akarudi dukani kwake kupima vitambaa. Nilimchukia siku nzima kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Jumapili nikaenda Mpui. Baada ya misa nilimkuta Shangazi uani anapepeta ulezi. Nikamwamkia, nikachuchumaa, nikasema. Sikupamba. Nikamwambia barua ilisema hivi, mimi nikasoma vile, nikamtamkia kaka yake mbele ya watu, na alichokuwa anafuta hapo barazani hakikuwa na kosa. Alikuwa sahihi yeye, Shangazi. Mimi ndiye niliyekosea.

Ungo uliendelea kupanda na kushuka. Kuku walikuja wakaokota makapi, wakafukuzwa, wakarudi. Mwishowe akasema, bila kuniangalia, "Kumbe alikuwa anafuta vilivyo sawa."

Nikasema ndiyo.

"Na mimi nilikuwa namletea uji pale, ili aendelee."

Nilitaka anipige, Mwalimu. Angenipiga ningejua pa kuanzia. Alipepeta mpaka ulezi ukaisha, akasimama kwa shida na magoti yake, akasema, "Virudishe. Lakini usitumie raba. Raba imetosha nyumba hii." Akaingia ndani. Hakuniambia kaa ule. Nikangoja kidogo, nikaaga mlango, nikaenda zangu barabarani kutafuta gari. Hakunisindikiza. Wewe unajua, hata mchuuzi wa vijiko dada yako humsindikiza mpaka kwenye mgomba. Mimi nilitembea ile njia peke yangu, na sikugeuka nyuma maana nilijua hakuna mtu.

Simlaumu. Atanisamehe au hatanisamehe, huo ni moyo wake.

Basi tangu Jumatatu ninavirudisha. Raba situmii. Kila kistari ulichoweka kwa neno langu ninakiacha, na juu yake, kwa kalamu ya wino, naongeza mstari wa pili. Ndivyo pacha inavyorudi: chako cha mwisho chini, changu juu. Imekaa vibaya kidogo, haijanyooka kama zile zako za mwanzo, lakini mtu ataelewa. Kuna kurasa ambapo mkono wako unatetemeka sana. Kuna ukurasa una doa la uji.

Leo asubuhi, kabla umeme haujakatika, nimefika kwenye salamu ya Maria, kwenye yale maneno ambayo kila mtoto wa Mpui anayajua kwa Kiswahili, "Bwana yu nawe". Dominus tecum. Nilikuwa nimejiandaa kukuta te-cum, niongeze mstari, nisonge mbele. Sikukuta kistari. Pacha umeifuta, karatasi imekwaruzika, lakini hukuweka kitu. Umeacha pengo: te, halafu weupe, halafu cum. Pembeni, kwa penseli, umeandika maneno mawili: "Nimwulize Leokadia."

Baada ya hapo hakuna kilichoguswa. Nimefunua mpaka mwisho wa daftari. Pacha zako zote zipo, zimenyooka, kama ulivyoziandika mwanzo.

Kumbe hukuwa umenuna. Neno hili lilikukatalia. Uliliangalia ukaona kwamba cum, hiyo "pamoja na" ya Walatini, ana kwao, anatembea peke yake mahali pengine pote, na huwezi kumwita kiungo, hata kama wasomi wamesema, hata kama Leokadia amesema. Ukaweka penseli chini. Ungekuja na gari la asubuhi tubishane. Ningelazimika kufungua lile jibu tena, tukalisoma wote wawili, na ningejiona mjinga mbele yako, na ungecheka mpaka ukohoe. Nilikuwa naihitaji sana asubuhi hiyo, Mwalimu. Ilikosa siku chache tu kufika.

Nimelikata neno lako, unisamehe, ni mazoea. Ni-mw-uliz-e. Ni, wewe. Mw, mimi. Uliz, kazi yenyewe. Na hiyo e ya mwisho ulinifundisha mwenyewe: jambo ambalo mtu analitaka na bado hajalifanya.

Nakuahidi hivi. Kazi yako itaondoka hapa kabla mwezi haujaisha, pacha zote zikiwa mahali pake, na nukta zao nimeshaziweka. Ukurasa wa mbele nitaandika kwa jina langu, bila kuzungushazungusha, kwamba alama hizi mwandishi alizibuni mwenyewe na hakukosea, na kwamba aliyemkosesha ni mchapaji. Wanafunzi wa Dar watasoma wanicheke, wana haki. Kitabu kikitoka, cha kwanza nitakipeleka Mpui, nikiweke mbele ya Shangazi, na nikirudi bila kusindikizwa nitarudi hivyo hivyo. Na wajukuu wa wale bibi nitawafundisha mimi, Jumamosi, kama watakuja. Sijui kama watakuja.

Mvua imepungua. Kuna mtu anabisha nje, nadhani anataka kopi, na umeme bado. Nitamwambia asubiri kidogo.

Lala salama, Mwalimu wangu. Umeuliza kuhusu tecum. Nimechukua kalamu nimejaza lile pengo, na jibu langu ni hili: ni pacha. Ilikuwa pacha tangu mwanzo.

Leokadia